Kupimwa si kukingwa

Kinga ni kitu kinachowekwa kati ya mtu na madhara kabla madhara hayajamfikia. Kwa magonjwa yasiyoambukiza, yaani kisukari, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo, saratani na ndugu zao, kinga ni hatua yoyote inayofanya ugonjwa usianze. Maana yenyewe inaishia hapo. Kilichonikalisha kuandika ni hilo neno "kabla", ambalo naona linazidi kudondoka njiani.

Juzi nilipanga foleni kwenye siku ya upimaji wa bure. Juu ya hema palikuwa na bango: "Kinga ni bora kuliko tiba." Chini ya bango meza mbili, mashine ya presha, kifaa cha kupimia sukari, pamba, na kopo la sindano zilizokwisha kutumika. Mama aliyenitangulia alifungwa kile kitambaa mkononi, kikajaa upepo, kikalegea, namba zikatokea: 162 kwa 98. Muuguzi akamwacha apumzike kidogo, akarudia. Hazikushuka sana. Akamwandikia karatasi ya kwenda kumwona daktari, kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, umefanya vizuri kuja kujikinga."

Kufanya vizuri, amefanya vizuri sana. Akianza dawa mapema huenda akaepukana na kiharusi, na kwa upande wa kiharusi hiyo ni kinga kweli. Lakini presha yenyewe ilikuwa imeshaingia ndani na kukaa. Dhidi yake hakukingwa na mtu, siku ile wala miaka iliyotangulia, na lile bango juu ya kichwa chake lilikuwa linasema kitu ambacho pale mezani hakikuwepo.

Tulitazame neno. Kukinga ni kitenzi cha mikono. Jua likikupiga usoni unalikinga kwa kiganja. Mvua ikianza unakinga ndoo kwenye mchirizi wa paa. Ukimiminiwa maji ya kunawa unakinga mikono. Mti ukiangukia njia tunasema umekingama, umelala kati ya mtu na aendako. Na rafiki yako akishambuliwa kwa maneno, ukajitokeza ukasimama mbele yake, umemkingia kifua. Popote utakapolikuta, kuna kitu kinachokuja, kuna kitu kinachowekwa mbele yake, na kuna kuwahi. Mwenye kuleta ndoo mvua ikishakatika hakukinga chochote. Maji yameshazama ardhini.

(Hapa niitoe ile methali ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo", maana nimeisikia mara mbili kwenye semina za afya ikitumiwa kuhimiza watu wajikinge. Kinga ya methali hiyo ni kijinga, kipande cha ukuni chenye moto. Inasifu ushirikiano. Haizungumzii magonjwa.)

Neno jirani la kukinga, yaani kuzuia, halina sharti la kuwahi. Unaweza kuzuia damu inayotoka, au gari lililokwisha kuanza kuserereka. Ndiyo maana mwenye kisukari anasaidiwa kuzuia upofu na kuharibika kwa figo, na sentensi hiyo haina kasoro.

Wataalamu huigawa kinga kwa ngazi: ya kwanza kabla ya ugonjwa, ya pili ni kuugundua mapema, ya tatu ni kupunguza madhara yake. Kwa mgawanyo huo upimaji una kiti chake halali, sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni ngazi ya pili kutembea na jina la ukoo mzima hadi ya kwanza isahaulike. Tena kuna iliyo nyuma zaidi ya hiyo ya kwanza. Mwaka 1978 Toma Strasser, daktari wa moyo, alipendekeza jina kwa ajili ya kazi ya kuhakikisha visababishi vyenyewe havioti mizizi katika jamii: chumvi nyingi isizoeleke, sigara isienee, watoto wasikue katika mazingira ambayo unene uliopitiliza ndiyo njia rahisi. Kwa Kiswahili ningeiita kinga ya chimbuko. Hiyo haipatikani chini ya hema. Inapatikana kwenye sheria, kodi, viwango vya vyakula na ramani za miji.

Na hapa ndipo silabi moja inaponisumbua kuliko zote: -ji-. Matangazo karibu yote yanasema jikinge. Jikinge na unene, jikinge na kisukari. Kitenzi hiki kina kauli nyingine, kukingwa, na kina kukingia, kufanya kwa ajili ya mwingine. Mtoto mchanga hajikingi na pepopunda, anakingwa. Mbona kwa kisukari tumebakiza -ji- peke yake, kana kwamba mtu ndiye aliyepanga kiasi cha sukari kiwandani?

Angalia kodi ya vinywaji vyenye sukari ya Uingereza. Ilitangazwa 2016, ikaanza kutozwa Aprili 2018, kwa kinywaji chenye gramu 5 za sukari au zaidi katika kila mililita 100, na kwa kiwango kikubwa zaidi kuanzia gramu 8. Katika ile miaka miwili ya kusubiri, viwanda vingi vilibadilisha mapishi ili vishuke chini ya mstari. Mnywaji alifungua chupa ileile akameza sukari pungufu bila kuambiwa ajikinge. Denmaki nayo mwaka 2003 iliweka kikomo cha mafuta ya transi, yale yanayotokana na kugandisha mafuta ya mimea viwandani na ambayo huziba mishipa ya moyo: yasizidi gramu 2 katika gramu 100 za mafuta. Watu wakaendelea kula biskuti zao. Wakakingwa.

Geoffrey Rose, mtaalamu wa Uingereza wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea katika jamii, alilieleza jambo hili mwaka 1985 kwa namna ambayo bado inanigusa. Watu wengi wenye hatari ndogo huweza kutoa wagonjwa wengi kuliko watu wachache wenye hatari kubwa. Foleni ya upimaji inawatafuta hao wachache. Wale wengi, ambao namba zao ni za wastani na wanarudi nyumbani wakiwa na furaha, inawaacha walipo, na miongoni mwao ndimo watakamotoka wagonjwa wengi wa kesho.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandaa mahema, endeleeni kuyaweka, nami nitakuja tena kupanga foleni. Bango tu ndilo ningeomba libadilike: "Pima mapema, utibiwe mapema." Na yule mama angeweza kuambiwa, kwa upole uleule, "Umefanya vizuri kuja, mama. Presha unayo, tumeiona mapema, tuanze kuitibu ili kiharusi kisikupate."