Hedifoni "zilizofungwa nyuma": maana yake, na kwa nini besi inategemea sponji

Hedifoni nyingi za bei ya kati, zile za takribani dola 100 hadi 200, huuzwa kwa jina la "zilizofungwa nyuma". Mnunuzi huyasoma maneno hayo kama maelezo ya ganda: kikombe hakina matundu, basi sauti haitoki nje. Hiyo ni nusu ya maana. Kufungwa nyuma ni mpangilio wa hewa. Spika ndogo iliyo ndani ya kikombe ina kiwambo kinachosukuma hewa pande mbili kwa wakati mmoja, mbele kuelekea sikio na nyuma kuelekea ukuta wa kikombe. Kwa hiyo kuna vyumba viwili vya hewa, na vyote viwili lazima vizibwe. Cha nyuma kinazibwa kiwandani. Cha mbele kinazibwa na sponji, ule mto unaozunguka sikio, ikikutana na ngozi ya kichwa chako, na hapo ndipo karibu matatizo yote ya besi huanzia.

Fikiria pampu ya baiskeli. Ukiziba mdomo wake kwa kidole kisha ukasukuma kidogo tu, shinikizo linapanda papo hapo. Ukilegeza kidole, unasukuma mpaka mwisho na hewa inakwenda zake. Sauti ya hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa mita 8 na zaidi, ilhali chumba kati ya kiwambo na sikio ni cha sentimita chache. Katika masafa hayo ya chini spika haitumi wimbi lolote la maana. Inabana na kulegeza hewa kama pampu. Palipo na mwanya, hewa hutoroka kabla sikio halijahisi shinikizo, na besi huanza kushuka. Sauti za kati hazipotei, kwa sababu zinatetemeka kwa kasi mno kwa mwanya mdogo kuzitoa. Ndiyo maana hedifoni inayovuja haisikiki kama imeharibika. Husikika nyembamba tu, na mwenye nayo hulaumu spika.

Hii pia ndiyo sababu watu wawili hubishana juu ya hedifoni moja na wote wakawa wanasema kweli. Mikono ya miwani huinua sponji mbele na nyuma ya sikio. Nywele za kusuka huacha vijia vya hewa. Hijabu ikipita chini ya sponji, kitambaa chenyewe kinapitisha hewa. Kikombe kikiwekwa ndani ya hijabu, juu ya ngozi, besi hurudi. AKG K371, iliyotoka mwaka 2019, ni mfano mzuri: ikikaa vizuri kichwani besi yake hushuka chini sana bila kuyumba, lakini vikombe vyake visipolala sawasawa, sauti hubadilika kabisa.

Kupima uvujaji hakuhitaji kifaa. Cheza mlio wa hezi 30 au 40 kwa sauti ndogo, vaa hedifoni kama kawaida, halafu bana vikombe taratibu kwa viganja. Besi isipobadilika, umezibwa vizuri. Ikiongezeka ghafla, kuna mwanya. Sogeza vidole kuzunguka ukingo wa sponji, ukibana sehemu moja moja. Mara nyingi mwanya uko chini ya sikio, pale taya linapoanza shingoni, kwa sababu pana shimo ambalo sponji iliyolala haifiki. Usibane kwa kishindo. Chumba kilichozibwa vizuri hakina pa kupeleka hewa, na kiwambo chembamba kinaweza kukunjika. Mlio mkavu kama wa karatasi unaposukuma kikombe ndio dalili yake.

Kuhusu sponji yenyewe, mambo matatu yana uzito: ngozi ya nje, kina na umri. Ngozi bandia laini isiyo na vitundu huziba kuliko mahameli. Mahameli ni baridi na haichomi masikio wakati wa joto, lakini hupitisha hewa, na ukiibandika kwenye hedifoni iliyotengenezwa kwa sponji za ngozi unapoteza besi na kinga dhidi ya kelele. Kosa la kawaida sana kwenye Sony MDR-7506 ni hilo. Hedifoni hiyo ya mwaka 1991 ina sponji nyembamba ambazo hubanduka magamba meusi, mwenye nayo hununua za mahameli kwa kuwa ni nene na nzuri, kisha hushangaa kwamba sauti za juu, ambazo tayari zilikuwa kali, zimebaki peke yake. Beyerdynamic DT 770 Pro ni tofauti: matoleo ya omu 80 na 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) yalibuniwa kwa mahameli tangu mwanzo, kwa hiyo huko ni ngozi inayobadilisha mizani, kwa upande wa kuongeza besi.

Kina kina hesabu yake. Sponji nene huisogeza spika mbali na sikio na kukikuza chumba cha mbele. Vilele vya sauti za juu, yaani masafa yanayosikika kwa nguvu kuliko jirani zake, kuanzia hezi 3,000 hivi kwenda juu, huhama au hupungua. Wakati mwingine ni nafuu, wakati mwingine sauti ya mwimbaji hurudi nyuma kama anaimba chumba cha pili. Kabla ya kununua, pima urefu na upana wa nje wa kikombe kwa milimita, pamoja na upana wa mfereji ambamo mdomo wa sponji hupenya. Sponji iliyo kubwa kwa milimita 5 huingia, lakini hujikunja sehemu moja, na kila mkunjo ni mlango wa hewa.

Umri ni jambo la kuangalia zaidi kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja. Ngozi bandia ya poliurethani huvunjwavunjwa na unyevu pamoja na joto hata ikikaa kabatini bila kutumika, na jasho huharakisha. Sponji iliyobonyea hadi nusu ya unene wake wa awali imekwisha kuibadilisha hedifoni, hata kama haina mpasuko. Ukitaka kulinganisha hedifoni yako ya miaka mitatu na mpya ya jirani, badilisha sponji kwanza, la sivyo unalinganisha sponji.

Sasa chumba cha nyuma. Hewa iliyofungiwa humo ni springi. Kikombe kikiwa kidogo, springi ni ngumu na kiwambo hakiendi mbali. Masafa ambayo kiwambo hupenda kutetemeka chenyewe hupanda. Watengenezaji hulegeza springi hiyo kwa tundu dogo lililofunikwa kitambaa au karatasi maalumu. Ndiyo, hedifoni nyingi "zilizofungwa" zina tundu; DT 770 inalo waziwazi, na Beyerdynamic huliita mfumo wa besi rifleksi. Kitambaa kile ni breki. Ukikitoa, hewa hupita bila kizuizi na besi huvimba na kulegea. Ukiziba tundu kabisa, springi hukaza, besi ya chini mara nyingi hupungua, na kunaweza kutokea uvimbe sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume.

Lakini si kila tundu ni la aina hiyo. Kwenye bamba linaloshika spika huwa kuna vitundu vinavyounganisha chumba cha mbele na cha nyuma. Hewa ya mbele ikibanwa, ya nyuma hulegea, kwa hiyo zinapokutana kupitia vitundu hivyo besi hujifuta. Kuziba vitundu hivi huongeza besi, kinyume na tundu la nje. Anayefuata maelekezo ya "ziba matundu" bila kujua ni yapi huishia kuharibu alichotaka kutengeneza. Tumia utepe wa karatasi wa wapaka rangi, ambao hung'oka bila kuacha gundi, ziba nusu ya matundu kwanza, na fanya pande zote mbili sawasawa.

Historia ya ufundi huu iko kwenye Fostex T50RP, hedifoni ya Kijapani yenye kiwambo bapa na vikombe vilivyo wazi nusu. Watu waliziba madirisha ya vikombe vyake, wakaongeza uzito kwenye kuta, wakajaza pamba na kuvika sponji nene za ngozi. Dan Clark wa Marekani aligeuza kazi hiyo kuwa biashara kwa jina la MrSpeakers. Mad Dog yake ilikuwa T50RP iliyofanyiwa marekebisho ya namna hiyo.

Pamba hutumiwa vibaya mara nyingi. Ndani ya kikombe chenye upana wa sentimita 7, sauti ya karibu hezi 2,450 hugonga ukuta hadi ukuta na kujirudia, kwa kuwa nusu ya wimbi lake inatosha hapo kamili. Kwa wimbi hilo, hewa karibu na ukuta karibu haisogei. Husogea zaidi katikati. Pamba huzuia hewa inayosogea. Kwa hiyo kitambaa cha milimita 3 kilichobandikwa ukutani hufanya kazi ndogo sana, ilhali kidonge cha pamba kilichochambuliwa, nusu gramu hadi gramu moja, kikikaa kwa kulegea katikati ya kikombe, hutuliza mlio huo. Ukikishindilia, kinakula nafasi ya hewa na kuikaza springi. Hakipunguzi wala kuongeza besi ya hezi 40 kwa kunyonya. Ahadi za aina hiyo ziache. Kama kuta ni plastiki nyembamba inayolia ukiigonga kwa kucha, bandika vipande vya mpira wa kuzuia mtetemo, ule wa milango ya magari, gramu 10 kila upande. Ukizidisha hadi 30, kikombe huelemea chini na mwanya hufunguka juu ya sikio.

Wakati wa kufungua, skrubu kwa kawaida ziko chini ya sponji. Ncha ya bisibisi ya chuma huvutwa na sumaku ya spika na inaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye kiwambo. Funika spika kwa kipande cha kadi ngumu. Ukikata waya, kumbuka kwamba nyuzi za ndani huwa zimepakwa rangi inayozuia umeme. Zichomee ncha kwa risasi mpya ya kulehemu mpaka rangi iungue, kisha zishike kwenye spika kwa sekunde moja au mbili, si zaidi, maana plastiki inayoshika nyuzi huyeyuka. Ukigeuza waya mbili za upande mmoja, besi husikika dhaifu na sauti ya mtangazaji huenea pembeni badala ya kukaa katikati ya kichwa. Cheza hotuba yoyote ya mono (sauti ileile pande zote mbili) kabla ya kufunga skrubu.

Kulinganisha kuna mtego wa ukubwa wa sauti. Hedifoni iliyo juu kwa desibeli moja tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) husikika bora, na hedifoni hazilingani kwa wepesi wa kuendeshwa. DT 770 ya omu 250 yenye desibeli 96 kwa miliwati 1 inahitaji miliwati 25 kufika desibeli 110, yaani voti 2.5. Ya omu 32, kwa desibeli hizo hizo 96, inahitaji voti 0.9 hivi. Adapta ndogo ya kuunganisha hedifoni na simu, inayotoa voti 1, huitosheleza hiyo ya pili, na ya kwanza hubaki chini, kisha huandikwa kwamba "haina nguvu". Linganisha sauti kwanza kwa mlio wa kelele mchanganyiko (pink noise), halafu sikiliza.

Ukitaka namba, toboa ubao laini tundu la maikrofoni ndogo, iwe sawa na uso wa ubao, kandamiza kikombe juu yake na piga mlio wa kupanda kutoka hezi 20 hadi 20,000 kwa programu ya bure ya Room EQ Wizard. Mchoro huo haukuambii hedifoni ikoje sikioni. Unakuonyesha tofauti kabla na baada ya marekebisho tu. Rudia mara 5, ukiinua na kuweka upya kila mara, uchukue wastani. Utaona kwamba kuweka upya pekee huhamisha besi na sauti za juu kuliko marekebisho mengi yanayosifiwa.

Kinga dhidi ya kelele nayo iko kwenye mpangilio huohuo wa hewa. Sennheiser hudai hadi desibeli 32 kwa HD 280 Pro, Beyerdynamic 18 hivi kwa DT 770, lakini namba hizo hubebwa zaidi na masafa ya kati na ya juu. Mngurumo wa injini ya daladala ulio chini ya hezi 100 hupita, na mwanya ukiwepo hupita wote.

Rekebisho la programu ya kupandisha na kushusha masafa, kama Wavelet kwenye Android au Equalizer APO kwenye Windows, hufaa kushusha vilele: punguza desibeli 4 kwenye kilele cha DT 770 cha hezi 8,000 hadi 9,000 na uchovu wa masikio hupungua sana. Ukipandisha mahali popote, shusha sauti ya jumla kwa kiasi hicho hicho ili ncha za mawimbi zisikatwe na sauti ikakwaruza. Lakini besi iliyovuja usiijazie hapo. Desibeli 10 za ziada kwenye hezi 30 ni nguvu mara 10, kiwambo hufika mwisho wa mwendo wake na kukwaruza, na ukigeuza shingo au kuvua miwani mwanya hujifunga wenyewe, na desibeli hizo zote 10 huingia sikioni kwa mkupuo.