Yurti haikai katikati ya baraza: dhana potofu na ukweli wa jukwaa la mbao

"Jenga jukwaa pana, yurti ikae katikati, ukingo unaobaki ndio baraza."

Dhana hii naisikia karibu kwa kila mteja mpya wa yurti, yaani nyumba ya duara ya fito iliyofunikwa turubai, na ndiyo inayoozesha sakafu. Mchoro unaletwa: jukwaa la mita 8 kwa 8, katikati duara la mita 6, pembeni viti viwili. Kwenye karatasi linapendeza, na fundi analipenda kwa sababu hakuna kukata duara. Shida ni maji.

Paa la yurti ya mita 6 linafunika mita za mraba 28 hivi. Mvua ya mm 20, ambayo masika huimwaga kwa saa moja tu, ni lita 565 juu ya paa hilo. Yurti haina gata. Maji yote yanateremka kwenye turubai la ukuta hadi chini, kwenye mzingo wa karibu mita 19, yaani lita 30 kwa kila mita. Mbao za baraza zikiwa usawa mmoja na sakafu ya ndani, maji yanadunda, yanatuama, kisha yanapenya chini ya turubai. Kinacholowa kwanza ni miguu ya fito za ukuta, nayo haionekani: nje kuna turubai, ndani kuna bitana. Mwenye yurti hugundua fito zimeshakuwa nyeusi na plaiwudi imevimba ukingoni.

Kuziba ukingo kwa silikoni si dawa. Turubai huchezacheza kwa upepo, mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo silikoni inaachia. Ikishaachia, mabaki yake yanazuia maji yaliyoingia yasitoke.

Jukwaa la yurti ni la duara, lenye kipenyo kilekile cha yurti. Turubai la ukuta linashuka nje ya ukingo na kupita usawa wa sakafu kwa sm 7 hadi 10, ili maji yadondoke chini. Zungushia ukingo mkanda wa plaiwudi ya mm 6, iliyoloweshwa ikubali kupinda, ujitokeze sm 2 juu ya sakafu. Fito zinasimama ndani ya mkanda, turubai linapita nje yake.

Kipimo usikitoe kwenye tangazo. Yurti inayouzwa kama ya mita 6 inaweza kuwa na zaidi au pungufu, kwa hiyo mwombe mtengenezaji kipenyo halisi cha sakafu kabla hujagusa msumeno. Kuchora duara, pigilia msumari katikati na zungusha ubao mwembamba uliotobolewa matundu mawili. Kamba inanyumbuka. Nusu kipenyo kikizidi sm 2 tu, mzingo unazidi zaidi ya sm 12, na turubai halitafika.

Baraza ni kazi ya pili, inayojitegemea: nguzo zake, boriti zake, na usawa wake sm 15 chini ya sakafu ya yurti. Hicho ni kimo cha ngazi moja, na pindo la turubai linabaki limening'inia hewani badala ya kulala kwenye maji. Acha mwanya wa sm 3 hadi 5 kati ya baraza na mkanda. Baraza la upande wa mlango pekee linatosha. Kwingine unahitaji pa kupitisha mkono ukikaza pindo.

Kama jukwaa la mraba limeshajengwa, usilibomoe. Simamisha juu yake mbao za inchi 2×6 kila sm 40, kisha pigilia plaiwudi ya mm 18 iliyokatwa duara. Sakafu inapanda karibu sm 16 na jukwaa la zamani linakuwa baraza. Ila mbao za chini lazima ziwe na mianya. Kama nazo ni plaiwudi, ng'oa sehemu iliyo nje ya duara uweke mbao.

"Yurti ni nyepesi, haihitaji msingi."

Uzito si hoja, hoja ni upepo unaolinyanyua paa. Zika nguzo sm 75 kwenye zege, ufunge boriti kwa bolti za mm 12. Misumari peke yake inang'oka. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi, usiishie sm 75: huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nguzo zinapanda na kushuka nao. Chimba hadi moramu, udongo mgumu wa changarawe.

"Mbao zilizotiwa dawa mchwa hazigusi."

Dawa haifiki kwenye moyo wa mti. Kila ncha uliyokata ipake dawa mara mbili, na ncha iliyotoka kiwandani bila kukatwa ndiyo iende ardhini. Hata hivyo mchwa hupanda juu ya nguzo yenye dawa kwa njia yake ya udongo, akifuata plaiwudi isiyo na dawa. Kwa hiyo acha sm 45 za uwazi chini ya jukwaa, mtu aweze kuinama na kuona. Usizibe pembeni kwa ajili ya urembo. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalobadilishwa mara fundi anapoondoka.

"Acha nafasi ya kidole kati ya mbao."

Paini mbichi iliyotoka kwenye dawa ibananishe. Itasinyaa yenyewe na kuacha mm 5 hivi. Iliyokauka, tumia msumari wa inchi 4 kama kipimo. Skrubu ziwe za zinki nzito au stenlesi, maana dawa yenye shaba hula chuma cha kawaida.

"Turubai lenye kinga ya moto haliungui."

Kinga inazuia moto kusambaa, lakini cheche bado inatoboa. Jiko la mkaa lisipande kwenye baraza. Likae ardhini, mita 3 kutoka ukutani, upande ambao upepo unapeleka cheche mbali na yurti.