Kabla ya Kuuliza Kama Hiyo Ndiyo Hisopo

Tangu Kwaresima ianze, wananchi wanatuletea sisi watambuzi wa mimea pakiti za unga zilizoandikwa "hisopo ya Biblia" wakitaka tuthibitishe kuwa ndio mmea huo unaotajwa katika Maandiko. Hatuwezi. Unga hauna jani, ua wala tunda, na bila hivyo hakuna utambuzi.

Jina nalo halitoshi. Hyssopus officinalis, mmea uliorithi jina hilo kwa wataalamu, hauoti wenyewe katika nchi ya Israeli na Palestina. Wengi wetu tunaegemea Origanum syriacum, zaatari ya Waarabu, wa jamii ya mnanaa. Huota hata kwenye nyufa za miamba, kama ile ya ukutani katika 1 Wafalme 4:33, na majani yake yenye vinyweleo hushika majimaji. Kwa hiyo kitita chake kingefaa kupakia damu mlangoni (Kutoka 12:22). Ile iliyobeba sifongo katika Yohana 19:29 ni swali jingine, na hapo hatutii sahihi.

Tafadhali pia, bizari ya Mathayo 23:23 si bizari ya mchuzi! Kigiriki kinasema anethon, yaani Anethum graveolens (dill kwa Kiingereza), wenye majani membamba kama nyuzi. Na udi wa Zaburi 45:8 ni ule ule wa kufukiza, kutoka miti ya Aquilaria ya Asia. Wanaotuletea shubiri wamepotoshwa na Biblia za Kiingereza, zinazouita udi huo "aloes", jina ambalo pia ni la shubiri. Wafasiri wetu walipatia.

Ukitaka jibu, leta tawi la sentimita 30 hivi lenye majani na maua au matunda. Likandamize kati ya magazeti, uyabadilishe kila siku hadi likauke. Usilifunge kwenye plastiki, litaoza. Andika tarehe, mahali, kimo cha mmea na rangi ya ua likiwa bichi.

Mbegu au miche ya kutoka nje inahitaji kibali cha kuingiza mimea, ambacho hapa Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kabla mzigo haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Bila hivyo mzigo huzuiwa na unaweza kuteketezwa. Nardo ya Himalaya, Nardostachys, mmea wa marhamu ya Biblia, na Aquilaria zimo pia katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo zinahitaji kibali kingine cha ziada. Kusema ni zawadi kutoka Nchi Takatifu hakukuondolei sharti hata moja.

Manemane haina haja ya safari hiyo: Commiphora myrrha huota kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Tuletee tawi, si chupa ya mafuta.