Jicho Ni Zima, Mbona Sioni? Kazi ya Bingwa Mbobezi wa Neva za Macho

Kliniki za macho zinaendelea kupokea malalamiko ya wagonjwa walioambiwa kwamba jicho ni zima, kisha wakapewa rufaa kwenda kwa daktari mwingine ilhali bado hawaoni vizuri. Wengi huona wanazungushwa. Hawazungushwi. Jicho hupokea mwanga tu, lakini picha hutambuliwa kisogoni mwa ubongo, na hitilafu yoyote katika njia ya neva (mishipa ya fahamu) iliyopo kati ya jicho na ubongo haiondolewi kwa miwani, hata ukibadilisha miwani mara ngapi.

Njia hiyo ndiyo eneo la bingwa mbobezi wa neva za macho. Yeye ndiye hushuku uvimbe wa tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa mgonjwa anayegonga fremu za milango kwa sababu haoni pembeni, na ndiye anayejua kwamba kope lililoanguka ghafla, pamoja na mboni iliyopanuka na maumivu makali ya kichwa, ni dharura ya saa hiyohiyo na si ya kliniki ya wiki ijayo.

Kwa hapa Tanzania, safari yake huanza na shahada ya udaktari ya miaka 5, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha ubingwa wa macho au wa mishipa ya fahamu kwa miaka kadhaa, na baada ya hapo ubobezi ambao kwa kawaida ni wa mwaka 1 au 2, mara nyingi nje ya nchi. Ndiyo maana hamkuti kila hospitali ya wilaya.

Wapo wanaodhani kwamba mtaalamu huyu hupasua ubongo. Hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji. Huyu sehemu kubwa ya kazi yake ni kuhoji, kwa hiyo mgonjwa anayeficha kwamba alikunywa gongo anajidhuru mwenyewe, kwani methanoli, sumu inayoweza kuwemo kwenye gongo, huweza kuua neva ya macho. Vivyo hivyo anayetumia ethambutoli, dawa ya kifua kikuu ambayo nayo huweza kudhuru neva hiyo, aseme mapema. Katika miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam walipatwa na ugonjwa wa neva za macho zote mbili, baadhi yao wakiwa pia na ganzi miguuni, na kuhojiwa kwa kina kuhusu chakula na mazingira yao kulikuwa sehemu muhimu ya uchunguzi.

Anayepewa rufaa afike na barua, picha zote za CT au MRI, pamoja na dawa anazotumia zikiwa kwenye vifungashio vyake. Asiendeshe gari siku hiyo, kwa kuwa mboni zitapanuliwa kwa dawa. Mwenye bima athibitishe idhini kabla ya kuondoka nyumbani, si akiwa dirishani.

Anayejitangaza mitandaoni kuwa bingwa aulizwe namba ya usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, kutoa tiba bila usajili ni kosa la jinai, na daktari aliyesajiliwa anayekiuka maadili anaweza kusimamishwa au kufutwa katika daftari.