Nyumba zote sura moja? Rangi haitasaidia, anza na paa

Watu wakilalamika kwamba mtaa mpya umekaa kama kambi, developa ana jibu la haraka: tutabadilisha rangi. Sisi wa mipango miji hatuna ugomvi na rangi, ila hiyo kazi haiiwezi. Ukisimama mwanzo wa barabara jicho linaanza kuona umbo la paa na ule mstari wa mbele wa nyumba, sasa hivyo viwili vikiwa sawa nyumba ishirini mfululizo, hata upake kila moja rangi yake bado unaona nyumba ileile.

Levittown, mtaa wa nyumba za kufanana kule New York, ndo mfano unaotajwa sana. Ilianza kujengwa 1947, mpaka 1951 zilikuwa zimesimama nyumba zaidi ya 17,000, na mwanzoni ramani ilikuwa moja tu. 1949 wakaleta modeli mpya yenye sura tano, walichobadilisha ni rangi, paa na mahali pa madirisha, ndani palepale. Kazi iliyobaki wakaifanya wenye nyumba wenyewe, huyu kapandisha chumba juu, yule kaongeza gereji, siku hizi kuikuta iliyobaki kama ilivyojengwa ni shida.

Kwa hiyo ramani ya ndani acha irudiwe, jiko na vyoo na mabomba vikae palepale maana hapo ndo pesa inaokolewa. Badilisha paa: hii pande mbili na pembetatu yake inatazama barabara, jirani yake pande nne, inayofuata mgongo wa paa umelala sambamba na barabara. Gereji irudi nyuma ya ukuta wa mbele, milango mikubwa ya gereji ikipangana mtaa unageuka stoo. Na kugeuza ramani kushoto iwe kulia hiyo ni janja tu, msituletee.

Kusogeza nyumba mita moja au mbili mbele au nyuma nako kunasaidia sana, ila kunapangwa kabla msingi haujachimbwa, baadaye umechelewa. Halafu usizidishe, kila nyumba ikipiga kelele yake inakuwa vurugu, bora miti au aina ya ukuta viwe vya pamoja.

Ukipelekewa mradi usikubali picha ya nyumba moja yenye maua. Omba mchoro wa safu nzima upande mmoja wa barabara, mweusi na mweupe, bila miti. Ukishindwa kusema ipi ni ipi, warudishie wakachore upya.