Nyaraka za sinagogi la Fustat: anza na jina la mkuu

Ukifungua picha ya kipande cha geniza, yaani ghala la sinagogi la maandishi yaliyowekwa kando, macho hukimbilia tarehe, na mara nyingi tarehe haipo. Ukingo wa juu umechanika, unyevu umekula mstari wa mwisho, au mwandishi alikuwa akimwandikia mtu wa mtaa wa pili akaona mwaka hauna haja ya kutajwa. Wanaoanza hujitosa kwenye kupima mwandiko. Mimi hutafuta kwanza jina la mkuu wa Wayahudi aliyekuwa madarakani. Likipatikana, karatasi ambayo ingeweza kuwa ya wakati wowote katika karne tatu inaweza kubanwa ndani ya miaka kumi na mbili.

Nyaraka zenyewe ni za sinagogi la Ben Ezra, Fustat, mji mkongwe ambao leo umo ndani ya Cairo. Wayahudi hawatupi ovyo maandishi yenye jina la Mungu. Huyaweka kando mpaka yazikwe. Hapo Fustat waliyatia katika chumba kilichokuwa mwisho wa roshani ya wanawake, kupitia tundu lililo juu ukutani, mtu akipanda ngazi. Na hawakutia vitabu vya ibada tu. Zilitiwa barua, hesabu za kodi ya nyumba, hati za ndoa na talaka, orodha za maskini wa kupewa mkate, na rasimu za makarani wa mahakama. Mwaka 1896 ndugu pacha, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Cambridge na ukurasa ambao Solomon Schechter aliutambua kuwa wa kitabu cha Bin Sira kwa Kiebrania. Desemba ya mwaka huohuo akasafiri kwenda Cairo, na alichokusanya leo kinahesabiwa kuwa vipande karibu 193,000. Vingine vilikwisha kutoka kabla yake, jengo lilipobomolewa na kujengwa upya karibu na 1890. Ndiyo maana utavikuta pia Oxford, New York, Philadelphia na St. Petersburg.

Namba za Cambridge huanza na T-S, yaani Taylor-Schechter, kwa heshima ya Schechter na Charles Taylor aliyegharimia safari. Angalia sana nukta na herufi: T-S 8J5.1 na T-S 8.51 ni karatasi mbili zisizohusiana kabisa. NS ni mfululizo mpya, AS ni wa nyongeza. Ukikuta ENA, hiyo ni ya New York, mkusanyo wa Elkan Nathan Adler. Machapisho ya zamani huandika namba hizi kwa mitindo tofauti, kwa hiyo usinakili namba kutoka tanbihi ya mtu. Fungua picha uhakikishe.

Lugha ya barua nyingi na hesabu ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Aliyewahi kusoma utenzi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu atalielewa tatizo mara moja: kama vile *ba* ilivyobebeshwa b, p na mb, ndivyo herufi 22 za Kiebrania zinavyobebeshwa sauti 28 za Kiarabu. Kaf ni k au kh, dalet ni d au dh, tsade husimama mahali pa *sad* na *dad* zote mbili. Nukta ya juu ndiyo inayotofautisha, na waandishi wengi hawakujisumbua kuiweka. Juu ya hayo, dalet na resh hufanana mno katika mwandiko wa haraka. Kwenye jina utakosea mtu. Kwenye namba utakosea vibaya zaidi, kwa sababu dalet ni 4 na resh ni 200.

Msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao hutuponza vilevile. Jumuiya inaitwa *jamaa*, mkuu wake ni *rais* wa Wayahudi, na utaona *wakili* na *amana* kama ulivyozizoea. Lakini *kanisa* humo ni sinagogi. Kanisa la Washami ndilo Ben Ezra lenyewe, la wafuasi wa desturi za Palestina. Kanisa la Wairaki ni sinagogi la pili la mji huohuo, la wafuasi wa desturi za Babeli. Ukitafsiri kwa mazoea utawapeleka Wayahudi kwa Wakristo.

Sasa jina la mkuu. Katika hati za mahakama na za ndoa, tarehe hufuatwa na mahali, "Fustat ya Misri iliyo kando ya mto Nile", kisha maneno ya mamlaka, *reshut*: kwa mamlaka ya bwana wetu fulani. Desturi hii inatulia hasa tangu Masliah ha-Kohen, aliyeongoza kwa cheo cha gaon, yaani mkuu wa chuo cha sheria cha Kiyahudi, kuanzia 1127 hadi 1139. Ukiona jina lake kwenye reshut, umeshapata ile miaka kumi na mbili. Baada yake yuko Samuel ben Hananya, 1140 hadi 1159, mwenye cheo cha nagid, yaani mkuu wa Wayahudi wa Misri. Abraham, mwana wa mwanafalsafa Maimonides, anashika kuanzia 1205 hadi alipofariki 1237. Kabla ya hapo, kwenye barua za nusu ya kwanza ya karne ya 11, jina la kutafuta ni Efraim ben Shemarya, kiongozi wa jamaa ya Washami, ambaye Solomon ben Yehuda, gaon wa Yerusalemu, alimwandikia mara kwa mara.

Jina tupu halitoshi, na hapa ndipo watu huanguka. Mevorakh ben Saadya aliongoza mara mbili: kuanzia kama 1078 mpaka 1082, kisha kuanzia 1094 mpaka kifo chake 1111. Miaka ya katikati alipokonywa na David ben Daniel. Kwa hiyo barua inayomtaja Mevorakh kama mkuu ina madirisha mawili. Na ukikuta "David", usiandike chochote bado. David ben Daniel alijiita nasi, wa ukoo wa mfalme Daudi. David mwana wa Abraham, mjukuu wa Maimonides, alikuwa nagid kuanzia 1237 na kuendelea. Na katika karne ya 14 yuko tena David ben Yehoshua wa ukoo uleule. Ukipuuza cheo utakosea kwa miaka mia na hamsini au zaidi, na mwandiko peke yake hautakuokoa kama huna uzoefu.

Mwandiko unasaidia zaidi pale unapomjua karani. Halfon ben Menashe aliandika hati za mahakama ya Fustat zenye tarehe kuanzia 1100 hadi 1138, nyingi mno, kiasi kwamba mkono wake ndio wa kwanza unaopaswa kujifunza kuutambua. Baadaye wapo Natan ben Shemuel na mwanawe Mevorakh ben Natan. Huyo Mevorakh wa pili ni karani wa nusu ya pili ya karne ya 12, wala si yule nagid.

Kisha soma dua zinazofuata majina. Baada ya jina la baba, nun na ayin (*nuho eden*, pumziko lake liwe Edeni) humaanisha baba amekwisha kufa. Samekh na tet (*sofo tov*, mwisho wake uwe mwema) humaanisha yu hai. Ukiwa na hati mbili za mtu mmoja, moja ina samekh-tet na nyingine nun-ayin, umeshajua ipi ilitangulia. Dua hizi pia huwatenganisha majina-sawa, maana mtoto wa kiume mara nyingi hupewa jina la babu, na ukoo mmoja ukawa na akina Abraham ben Moshe wawili au watatu. Jina la heshima la Kiarabu la "Abu fulani" halikusaidii sana: takriban kila Moshe ni Abu Imran, na kila Abraham ni Abu Ishaq.

Tarehe ikiwepo, hati za kisheria hutumia hesabu ya Waseleuko, inayoitwa ya *shetarot*, yaani ya hati, ambayo mwaka wake huanza Tishri, karibu na Septemba. Kuanzia Tishri hadi Desemba toa 312. Kuanzia Januari hadi Eluli toa 311. Marheshvan 1436 ni mwaka 1124, lakini Nisani 1436 ni 1125. Mwezi wa Tevet hukaa Desemba na Januari, hapo tumia jedwali badala ya kukisia. Ukikutana na hesabu tangu kuumbwa ulimwengu, ni 3761 na 3760 kwa mpangilio uleule. Barua za biashara huweza kutumia mwezi wa Kiislamu bila onyo lolote.

Barua isiyo na mwaka lakini yenye siku ya juma pamoja na tarehe ya mwezi bado ina nguvu. Kalenda ya Kiyahudi hairuhusu 1 Tishri kuangukia Jumapili, Jumatano au Ijumaa, kwa hiyo kuanzia Adari hadi mwanzo wa majira ya baridi kila tarehe ina siku nne tu za juma inazoweza kuangukia. Ukiunganisha "Jumanne, 12 Siwani" na dirisha la Masliah, hubaki miaka mitatu au minne. Hesabu hii hukosewa na wanaosahau kwamba siku huanza jua linapotua.

Hesabu za wakfu, ambazo wao huziita *qodesh*, ndizo zinazoonyesha sinagogi likifanya kazi siku hadi siku, nami huzipenda kuliko barua za wakubwa. Juu huandikwa mwezi na jina la parnas, yaani mtumishi wa jamaa anayesimamia mali hizo. Hufuata nyumba na wapangaji, kila mmoja na kodi yake ya mwezi kwa dirham. Kisha makato: *hikr*, yaani kodi ya ardhi, malipo ya walinzi wa usiku, mafuta ya zeituni ya taa, mikeka ya sinagogi, kufagia shimo la maji machafu, fundi wa kutengeneza ukuta. Namba nyingi ni za Kikopti, si za Kiebrania wala Kiarabu, na jumla ikikataa kulingana, kosa mara nyingi ni la msomaji aliyechukua sehemu ya qirat kuwa dirham nzima. Qirat ni 1/24 ya dinari. Dinari ilikwenda kwa kawaida kama dirham 36 hadi 40, lakini usiigeuze fedha bila kuangalia kama hesabu yenyewe imetaja kiwango.

Orodha za mkate, nyingi zikiwa T-S K15, zinataka jicho jingine. Mkate uligawiwa Jumanne na Ijumaa, na namba iliyo mbele ya jina ni idadi ya mikate. Humo watu huitwa kwa lakabu: kipofu, mjane wa fulani, mgeni kutoka Rum, yaani nchi za Bizanti. Usijaribu kuwaunganisha na majina kamili ya hati za mahakama mpaka uwe na ushahidi wa pili.

Mwisho, geuza karatasi. Karatasi ilikuwa ghali, na upande wa nyuma unaweza kuwa na hesabu iliyoandikwa miaka ishirini baadaye, au amri ya serikali ya Wafatimi, ambayo utaitambua kwa mistari ya Kiarabu iliyoachana mno, katikati yake mtu akajaza sala. Tarehe ya upande mmoja ni mpaka tu wa upande wa pili. Kisha tafuta nusu iliyopotea: mradi wa Friedberg una zana ya kulinganisha kingo na mwandiko wa vipande vya maktaba mbalimbali, na hifadhidata ya Princeton huvipa vilivyounganishwa namba moja ya PGPID. Unaponukuu, andika namba hiyo pamoja na namba za rafu zote mbili, maana nusu ya juu ikiwa New York na ya chini Cambridge, reshut iko kwenye moja na mashahidi wako kwenye nyingine.