Viongezeo vya chakula cha samaki: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Samaki wameanza kuugua, wachanganyie kiongezeo watapona.”

Viongezeo ni vitu vinavyochanganywa kwenye chakula ili kuimarisha kinga ya samaki, na dhana hii huwatia wafugaji hasara kubwa. Samaki akiugua, moja ya mambo ya mwanzo anayoacha ni kula. Utawaona wamejitenga pembeni mwa bwawa au wanahema juu ya maji, na punje za chakula zinaelea mpaka zinalowa na kumeguka bila kuguswa. Kiongezeo kilichomo kinaliwa na wale wazima. Kinachobaki kinaoza na kuchafua maji, na wagonjwa wanazidiwa.

Tena kinga haijengeki kwa siku moja. Beta-glukani, kwa mfano, hutolewa kwenye kuta za seli za hamira. Seli za kinga za samaki huitambua kana kwamba ni kimelea kimeingia, zikaamka na kuwa tayari kumeza vijidudu. Ndiyo maana hulishwa siku kadhaa hadi wiki chache kabla ya kipindi kigumu: kabla ya kuhamisha vifaranga, kuwachambua kwa ukubwa, au majira ambayo ugonjwa huzuka kila mwaka.

“Basi tuwape mwaka mzima, na kwa wingi.”

Hapana. Majaribio kadhaa ya vichocheo vya kinga, kama hiyo beta-glukani, yameonyesha kwamba kipimo kikubwa au ulishaji wa muda mrefu bila kupumzisha unaweza kupunguza faida yake. Wengi huwalisha kwa vipindi. Fuata kipimo cha mtengenezaji.

“Vitamini C ni anasa.”

Samaki wengi tunaofuga, wakiwemo perege na kambale, hawawezi kuitengeneza mwilini. Ikikosekana, uti wa mgongo hupinda, vidonda huchelewa kupona na kinga hushuka. Kwenye bwawa lenye maji ya kijani huokota kiasi fulani katika chakula cha asili. Kwenye tangi au kizimba wanategemea karibu kila kitu kutoka mkononi mwako. Vitamini C ya kawaida huharibika kwa joto, unyevu na kukaa ghalani, kwa hiyo viwanda vingi hutumia ile iliyofungamanishwa na fosfeti, ambayo hustahimili zaidi. Ukinunua chakula, angalia tarehe kwenye mfuko kabla ya kuuliza bei.

“Probayotiki ni probayotiki, changanya tu.”

Bakteria hawa rafiki hufanya kazi wakifika utumbo wakiwa hai. Laktobasili wengi hufa kwenye joto la mashine ya kutengeneza punje. *Bacillus subtilis* hujifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujikinga, hivyo huvumilia zaidi. Aina zisizovumilia hupakwa juu ya punje zilizokwisha kupoa, zikichanganywa na mafuta kidogo. Kuwapa pamoja na antibiotiki ni kutupa fedha, kwa sababu dawa inaweza kuwaua hao hao uliowanunua. Pia ukiacha kuwalisha, idadi yao tumboni hupungua.

“Cha asili hakidhuru.”

Kitunguu saumu kina viambata vinavyopambana na bakteria, lakini kikizidi samaki wanaweza kukataa chakula. Uasili wake haukuondolei kazi ya kupima.

“Tukiwa na viongezeo, chanjo haina haja.”

Tazama Norwei. Mwaka 1987 ufugaji wake wa samaki ulitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Leo hutumia chini ya tani 1 kwa mwaka, ilhali uzalishaji umepita tani milioni 1. Sababu kubwa ilikuwa chanjo, hasa zile zenye mafuta zilizoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na kutenganisha vizazi vya samaki na kupumzisha maeneo ya vizimba. Viongezeo vina nafasi yake kando ya hayo. Oksijeni ikiwa chini na amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) ikiwa juu, samaki hubaki na msongo unaoangusha kinga ile ile unayoilipia kwenye chakula. Pima maji kwanza.